Kazi Ambayo Haijaisha Hulala Wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1896, mjini Detroit huko Marekani, mwanamume wa miaka 32 alichukua shoka akaanza kubomoa ukuta wa banda ambalo hata halikuwa lake. Jina lake Henry Ford. Ndani ya banda hilo la matofali, nyuma ya nyumba aliyokuwa amepanga katika 58 Bagley Avenue, mlikuwa na gari lake la kwanza. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baiskeli, injini ya petroli ya silinda mbili, na kengele ya mlangoni badala ya honi. Alilipa jina la Quadricycle. Gari lilikuwa tayari na dereva alikuwa tayari. Mlango ndio haukutosha.

Basi Ford akavunja matofali, akalisukuma gari lake hadi kwenye kichochoro, akaliwasha, akaenda. Husimuliwa kwamba mwenye nyumba alipokuja na kuona tundu ukutani hakukasirika kama tunavyowajua malandilodi wetu. Alilitazama gari, akakubali tundu libaki na liwekewe mlango mpana.

Hadithi hii hupendwa kwa sababu inachekesha. Fundi mkubwa namna ile, aliyepima kila boriti na kila gia, kusahau kupima mlango! Vijana wengi tunaisikia tukiambiwa kwamba utajiri wa dunia ulianzia kwenye vibanda na magereji, kwa hivyo na wewe amka, acha kulalamika, anza na ulicho nacho. Ushauri mzuri. Lakini hebu tulitazame banda lenyewe kwa makini kabla hatujaimeza hadithi. Ukihesabu vilivyokuwamo, na ukihesabu ni nani aliyevilipia, utaona kwamba karakana ya nyuma ya nyumba si jambo la bidii peke yake. Ni jambo la nafasi, na nafasi ina historia yake.

Banda la Detroit

Ford hakuanza katika banda. Alianzia jikoni. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1893 alifunga injini ndogo ya majaribio kwenye sinki la mkewe, Clara, ambaye alikuwa katikati ya pilkapilka za sikukuu. Mtoto wao, Edsel, alikuwa na umri wa wiki saba hivi. Clara aliambiwa atie petroli kidogo kidogo kwa mkono huku mumewe akilizungusha gurudumu. Cheche ilitoka kwenye umeme wa nyumba. Injini ikanguruma, sinki likatetemeka. Jaribio likafaulu, na ikawa wazi kwamba kazi hiyo haiwezi kuendelea pale panapopikwa uji wa mtoto.

Ndipo likaja suala la banda. Lilikuwa stoo ya makaa ya mawe na kuni, na nusu yake ilikuwa ya jirani wa upande wa pili wa nyumba. Jirani alipoiona kazi alivutiwa, akaondoa vitu vyake, akamwachia Ford banda zima. Kwa hivyo kitu cha kwanza katika bajeti ya gari hili, yaani mahali, kilitoka kwa mwenye nyumba mpole na jirani mkarimu.

Kitu cha pili kilikuwa mshahara. Ford alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya umeme, Edison Illuminating Company, iliyomwajiri tangu mwaka 1891. Gari alilitengeneza usiku na siku za mapumziko. Mshahara wa kampuni ulilipa kodi, chakula na vyuma.

Cha tatu ndicho ninachotaka tukishike. Toka mkesha ule wa Krismasi hadi usiku wa shoka ni karibu miaka miwili na nusu. Kwa muda huo wote kazi ile ilikuwa haijaisha. Kila usiku Ford alipochoka aliweka spana chini, akafunga mlango, akaenda kulala. Kesho yake alipofungua, alikuta kila kitu pale alipokiacha: boliti kwenye kopo lake, injini juu ya meza, chesisi katikati ya sakafu. Hakuna aliyemwambia aondoe takataka zake. Mvua haikuingia. Askari wa manispaa hakupita.

Tukisema karakana, tunafikiria mahali pa kufanyia kazi. Kumbe kufanya kazi mtu anaweza kufanya popote, hata kwenye sinki. Karakana ni mahali pa kuiacha kazi ambayo haijaisha.

Na gari lenyewe halikumtajirisha papo hapo. Aliliuza kwa dola 200 akatengeneze lingine. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa mwaka 1901. Kampuni ya Ford tunayoijua ilizaliwa mwaka 1903, miaka saba baada ya ukuta kuvunjwa. Leo mahali lilipokuwa lile banda pana jengo lililofunguliwa mwaka 1926 kama ukumbi wa sinema wa fahari, Michigan Theatre. Sinema ilipofungwa, ukumbi ulikombwa ndani, na magari yakaanza kuegeshwa chini ya dari yenye nakshi.

Gereji ya dola 538

Tuvuke miaka zaidi ya arobaini, twende upande wa pili wa Marekani. Mwaka 1938, katika 367 Addison Avenue mjini Palo Alto, California, vijana wawili waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford, William Hewlett na David Packard, walipanga mahali kwa dola 45 kwa mwezi. Packard na mkewe Lucile walikaa katika nyumba, sehemu ya chini. Hewlett, ambaye hakuwa ameoa, alilala katika kibanda kidogo uani. Na nyuma palikuwa na gereji ya mbao iliyosimama peke yake, futi 12 kwa 18. Humo ndimo ilimozaliwa kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo wenyewe waliisajili kama ubia tarehe 1 Januari 1939. Mwaka 1989 jimbo la California liliitangaza gereji hiyo kuwa mahali pa kumbukumbu, likaiita pahali palipozaliwa Silicon Valley.

Mtaji wao hutajwa kila mara: dola 538, pamoja na drili ya mezani iliyokwisha kutumika. Watu huitaja hesabu hii ili kuonyesha jinsi walivyoanza na pesa kiduchu. Sasa chukua kalamu. Kodi ya dola 45 mara miezi 12 ni dola 540. Yaani mtaji wote wa kampuni usingetosha kulipa kodi ya mwaka mmoja ya ule ua! Basi nani alikuwa akiwalisha? Lucile alikuwa ameajiriwa katika ofisi ya Stanford, na jioni akawasaidia kuandika barua na kutunza vitabu vya hesabu. Profesa wao, Frederick Terman, alimtafutia Packard pesa kidogo za utafiti chuoni. Hata tanuri la jikoni la Lucile lilipewa kazi. Waliitumia joto lake kukausha rangi kwenye mabamba ya mashine zao. Kama Clara, kama Lucile. Historia za magereji zina tabia ya kupitia jikoni bila kusimama.

Kifaa chao cha kwanza kilikuwa cha kupimia sauti, kilichoitwa 200A. Ujanja wake ulikuwa kwamba Hewlett alitumia balbu ndogo ya kawaida kuituliza mawimbi, badala ya sakiti za ghali. Waliweka bei ya dola 54.40. Bei hiyo hawakuipata kwa hesabu. Ilitokana na wito wa kisiasa wa zamani wa Wamarekani uliokuwa na namba hizo, mambo ya mpaka wa nchi karne ya 19. Muda si muda wakagundua kwamba kwa bei hiyo hawawezi hata kuitengeneza mashine yenyewe. Kilichowaokoa ni kwamba mashine ya mshindani wao iliuzwa karibu dola 400, kwa hivyo walikuwa na nafasi tele ya kupandisha. Kisha kampuni ya Walt Disney ikanunua mashine nane za toleo lililofuata, 200B, kwa ajili ya filamu ya Fantasia, kila moja dola 71.50. Nane mara 71.50 ni dola 572. Oda moja tu, na imeuzidi mtaji wote.

Mwaka 1940 walihama, kwa sababu gereji ilikuwa imewabana. Ilikuwa imewahifadhi kwa karibu miaka miwili: kuta nne, umeme wa kutosha drili na tanuri, na kufuli. Ilitosha.

Mji usio na uani

Sasa turudi nyumbani, maana swali linalobaki ni letu. Kwa nini Nairobi, mji uliojaa mafundi, haina hadithi za namna hii? Bidii si haba. Pita Kamukunji asubuhi, kelele za nyundo zitakujibu. Bati la pipa linageuka sufuria, sanduku la shule, karai, mkokoteni. Mapema miaka ya 1980 mafundi wa bati na wafinyanzi walianza kutengeneza lile jiko lenye kiuno chembamba, lenye udongo uliochomwa ndani na bati nje, linalopunguza matumizi ya makaa. Leo limeenea nchi nzima na nje yake. Hilo nalo ni uvumbuzi, bwana. Lakini halikutoka katika gereji ya mtu. Lilitoka juani.

Jibu limo katika ramani ya mji. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mji uliomea kando yake uligawanywa kwa rangi. Mzungu alipewa kiwanja kipana upande wa magharibi na kaskazini, na nyumba yake ilikuwa na gereji ya gari, na nyuma kabisa kibanda cha mtumishi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mjini. Alikuja kufanya kazi na kipande chake shingoni, na kazi ikiisha arudi alikotoka. Kwa hivyo alipewa mahali pa kulala tu. Nyumba za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, na mitaa ya baraza la mji kama Kaloleni na Ziwani iliyojengwa miaka ya 1940, zilipangwa kwa hesabu ya vyumba na vitanda. Pumwani, iliyoanzishwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, watu waliruhusiwa kujijengea nyumba za udongo, ila ardhi ilibaki ya baraza. Wachoraji wa mji hawakukosea vipimo. Walichora mji ambamo Mwafrika hana haja ya banda la nyuma, kwa maana hawakumtarajia awe na kazi yake mwenyewe, sembuse kazi ambayo haijaisha.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 watu walimiminika, lakini ramani haikufutika. Fundi aliyekosa uani alitoka barabarani. Akachukua kivuli cha mti, ukingo wa mto, ukuta wa mtu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake juu ya ajira nchini Kenya, ile iliyolieneza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi. Ilisema jambo ambalo mama yeyote wa Gikomba angekwambia bure. Watu hawa si wazururaji, wanazalisha, wanaajiri, wanafunza vijana kazi. Ikaishauri serikali iache kuwavunjia vibanda. Hata hivyo matingatinga hayakusahau njia. Mwezi Mei 1990 yalivunja Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, na vibanda vya watu vikalala chini.

Wenyewe wakajipa jina, au wakapewa wakalikubali: jua kali. Lisikilize vizuri jina hilo. Ford aliitwa kwa jina la baba yake, Hewlett na Packard vivyo hivyo. Mafundi wetu wameitwa kwa jina la kitu wanachokosa. Jua kali maana yake hakuna paa. Ndugu zao wa Dar es Salaam wana gereji bubu, gereji isiyo na kibao wala leseni, isiyoweza kusema iko wapi. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, kilichoahidiwa kilikuwa kile kile kilichokosekana: vibanda vya kufanyia kazi. Jina jua kali likaingia katika lugha ya serikali, na mwaka 1992 ikatolewa sera nzima ya Bunge juu ya biashara ndogo na jua kali. Mwaka 2012 ikafuata sheria ya biashara ndogo na ndogo sana. Paa zilizojengwa ni kidogo kuliko karatasi zilizoandikwa.

Msomaji anaweza kuuliza, kwani paa ni nini? Si watu wanafanya kazi vivyo hivyo? Wanafanya. Ila fikiria jioni ya fundi asiye na mlango. Vifaa lazima avibebe nyumbani, ama amlipe mlinzi. Umeme hana, kwa hivyo mashine hana, kwa hivyo kazi yote ni ya mkono. Mvua ikinyesha, siku imekufa. Na zaidi ya yote, anachokianza asubuhi sharti kiuzwe jioni, kwa sababu hakina pa kulala. Atatengeneza karai, si injini. Akili haijapungua. Karai huisha kwa siku moja na injini inataka miaka miwili na nusu. Hata aliyepata kibanda hana hakika ya kesho. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15.

Hesabu kabla ya matofali

Wako wasomaji wa kurasa hizi ambao wazazi wao wamebahatika kupata ploti nje ya mji, ile ya futi 50 kwa 100 tunayoizungumza kila siku. Wengine watapata siku moja, tukijaliwa. Gereji ya Palo Alto ilikuwa futi 12 kwa 18, yaani futi za mraba 216. Katika ploti ya futi za mraba 5,000, hiyo ni kasoro ya asilimia tano. Kwa upande mwingine, chumba cha mabati cha futi 10 kwa 10, ambamo familia nzima hupika, hulala na kusoma katika mitaa yetu mingi, ni futi za mraba 100. Hakifikii nusu ya ile gereji. Ukisikia mtu akiwaambia vijana wa Mathare waanze kama Hewlett na Packard, mwulize waanzie pembe gani ya chumba.

Kwa mwenye pembe, historia imeacha hesabu iliyo wazi. Pima kwanza kitu kikubwa zaidi utakachotengeneza, kisha upime mlango, ndipo uje kwenye kuta. Ford alifanya kinyume. Mlango wa futi nane hupitisha gari la kawaida kwa nafasi, na gharama ya kuuongeza futi moja kwenye mchoro ni ya raba na penseli tu. Pili, paa na kufuli vitangulie mashine. Mabati huuzwa kwa geji, na namba ikipanda bati huwa jembamba. Geji 32 ni rahisi kuliko 28, lakini ndiyo hiyo upepo unakuja kuikunja. Afadhali paa zuri juu ya msumeno wa mkono kuliko mashine ya kisasa chini ya tundu. Tatu, umeme uutolee hesabu yake peke yake. Usiuvute kwa waya wa pasi kutoka sebuleni. Nne, andika katika bajeti mstari wa miezi ambayo hutauza kitu, na useme bayana nani atalipa kodi na unga miezi hiyo. Kama ni dada, mama, au mke, jina lake liandikwe pale juu, kama mwenye hisa. Mwisho, bei ya kitu chako itokane na gharama yake. Usiikopee wimbo wala siasa.

Najua wengi wetu hapa hatutengenezi magari. Tunaandika. Lakini tumezoea kuandika mashairi na hadithi fupi, na tukiulizwa mbona hakuna riwaya, tunasingizia wachapishaji. Hao nao wana lao. Ila shairi huisha usiku mmoja, kwenye daftari, kitandani, taa ikizimwa liko tayari. Riwaya ni kazi ambayo haijaisha kwa miaka. Inataka meza ambayo hakuna atakayeikunja ili watu wapate kula, sanduku ambalo watoto hawatachana karatasi zake kuwashia jiko, na mtu anayelipa kodi huku wewe ukiwa bado ukurasa wa arobaini.

Kwa hivyo madai ya fundi wa Kamukunji ni madai yetu pia. Anapoandamana kwenda kwa kaunti kudai kibanda, tusimpite tukiziba masikio kwa sababu ya kelele za bati. Mji uliomnyima uani ni huu huu unaotunyima meza. Na siku kiwanja kitakapopimwa, awepo mtu wa kuuliza mapema, kabla ya msingi kuchimbwa: mlango wake upana gani?